Intaneti inaweza kugawanyika kila nchi ikabaki na yake? Jibu refu kwa aliyeuliza

Kuna ndugu kauliza swali ambalo naamini wengi wanalo kichwani: je kuna siku tutaamka tukute hakuna tena intaneti moja ya dunia nzima, China na yake, Urusi na yake, Marekani na yake, kila nchi imejifungia ndani? Akaongeza mengine mawili, eti ni kweli Marekani inaweza kuizima nchi nyingine kwa sababu zile seva 13 kuu ziko mikononi mwake, na kama siku hiyo ikifika VPN (apu ya kuficha unakoelekea mtandaoni) au intaneti ya satelaiti itasaidia chochote. Mimi kazi yangu ndo hii ya kuunganisha mitandao, ruta na mikongo ndo mambo yangu ya kila siku, so niruhusu nijibu kwa urefu maana ukitaka ndio au hapana tu utaondoka na picha ambayo sio.

Kwa kifupi, kugawanyika kunawezekana na kuna sehemu kumeshaanza, ila sio kwa namna wengi wanavyowaza, kwamba siku moja kitu kinakatwa katikati basi mambo yameisha. Kinachoifanya intaneti ibaki moja sio mkataba wowote wa kimataifa, na wala sio kwamba kuikata ni kazi ngumu. Ni hasara. Anayejikata anaumia, na anaumia haraka. Kwa hiyo ukitaka kujua nchi ipi iko njiani kutoka achana na hotuba za wakubwa, angalia kama hiyo hasara ya kujikata inazidi kupungua kwake.

Tuanze na intaneti yenyewe. Hamna sehemu duniani utakayoenda ukaambiwa hapa ndo makao makuu ya intaneti. Kuna mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea, ya makampuni ya simu, vyuo vikuu, mabenki, serikali, kina Google, na kila mmoja una namba yake na mafungu yake ya anwani za IP, yaani zile namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni. Inaelekezana njia kwa utaratibu unaoitwa BGP, na BGP kusema kweli imejengwa juu ya kuaminiana, ruta yangu inaiambia ruta ya jirani "anwani hizi ukizitaka pitia kwangu", jirani naye anamwambia jirani yake, dakika chache tu dunia nzima imepata habari. Na mtu akitangaza uongo nao unasafiri hivyo hivyo, labda ukutane na mtandao ambao umeweka ulinzi wa kuhakiki.

Sasa angalia kilichotokea tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungiwe, Pakistan Telecom wakaamua kufungia kwa BGP, wakatangaza fungu la anwani 208.65.153.0/24 (namba baada ya mkwaju ikiwa kubwa, fungu ni dogo) kana kwamba ni lao, ili mtu yeyote wa ndani akiitafuta YouTube trafiki yake iishie hewani. Lile tangazo likavuja mpaka kwa PCCW wa Hong Kong ambao ndo walikuwa wanawaunganisha na dunia, PCCW nao wakalipitisha bila kuhakiki. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza fungu kubwa zaidi, /22, na ruta zina sheria moja, fungu dogo lililo mahsusi zaidi ndo linashinda, kwa hiyo ruta za mabara mengine kabisa zikaanza kupeleka watazamaji wa YouTube Pakistan. YouTube wakajibu kwa kutangaza /24 ile ile, haikutosha, wakaikata ndogo zaidi wakatangaza mbili za /25, na mpaka PCCW walipoondoa njia zilizotoka Pakistan yalikuwa yamepita kama masaa mawili. Nchi moja ilitaka kufunga dirisha lake, na mtu wa Ulaya ambaye hajui hata agizo lilitolewa lini akakosa video. Hii ndo sababu mtu akiniambia "si kila nchi ijenge ukuta wake tu tuendelee" huwa namuuliza huo ukuta utaujenga wapi hasa, kwenye BGP, kwenye majina, au ndani ya apu? Maana kila sehemu ina namna yake ya kuvuja.

Kukata kwenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani. Misri, wakati wa maandamano ya kuipinga serikali, usiku wa kuamkia 28 Januari 2011 njia kama 3,500 za BGP zilitoweka, watoa huduma wakubwa wakaondoka mmoja baada ya mwingine ndani ya muda mfupi sana, hakuna aliyekata nyaya baharini, ni simu za maagizo tu zilipigwa. Ilidumu siku tano hivi, ikarudi 2 Februari, na OECD, shirika la kiuchumi la nchi tajiri, wakakadiria hasara ya moja kwa moja isiyopungua dola milioni 90. Hapo hujahesabu biashara zilizokimbia wala maandamano ambayo hayakuisha. Misri walikuwa na kitufe cha kuzima lakini hawakuwa na kitu cha kubaki nacho baada ya kuzima, kilichobaki kilikuwa kiza, mtoa huduma mmoja tu aliyekuwa anaunganisha soko la hisa aliachwa, na siku chache baadaye naye akazimwa.

Weka hiyo pembeni kisha angalia Iran mwezi Novemba 2019. Bei ya petroli ilipandishwa, watu wakaingia barabarani, na kuanzia tarehe 16 nchi ikaanza kukatwa na dunia. Ilichukua kama siku nzima kukamilisha maana watoa huduma walikuwa wengi na kila mmoja alizimwa kwa namna yake, mawasiliano na nje yakashuka mpaka karibu asilimia 5 ya kawaida, ikakaa hivyo takriban wiki. Lakini ndani ya nchi mambo mengi yaliendelea, mabenki, tovuti za serikali, apu za kienyeji, kwa sababu kwa miaka mingi walikuwa wanajenga mtandao wao wa taifa na kuzilazimisha huduma ziwe na seva nyumbani. Mtu analipa kwa kadi kama kawaida ila hawezi kumtumia ndugu yake aliye nje hata picha moja. Ukinielewa tofauti ya Misri na Iran umeelewa karibu jibu langu lote, kitufe ni kile kile, kilichobadilika ni kwamba kukibonyeza hakuumi tena kama zamani. Na ndo maana mwaka 2025 wakati wa vita na Israel walikibonyeza tena.

Tuje kwenye seva 13, maana hapa pana uvumi mwingi mno. Hizi ni seva za mzizi wa DNS, yaani ule mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Zimepewa herufi A mpaka M, zinaendeshwa na taasisi 12, na ni kweli 9 kati ya hizo ni za Marekani, zikiwemo NASA na jeshi, tatu zilizobaki ni RIPE NCC ya Ulaya, Netnod ya Sweden na WIDE ya Japani. Ila 13 ni idadi ya majina tu, mashine zenyewe zimesambazwa dunia nzima na nakala zinazidi 1,500, kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mzizi mara nyingi linajibiwa na mashine isiyo mbali na wewe. Alafu hizo seva hazina siri yoyote ndani yake. Zinabeba faili moja dogo, megabaiti chache, lenye orodha ya mikia ya majina zaidi ya 1,400, .com, .org, .ru, .cn na nyingine, na ni nani wa kuulizwa kuhusu kila mmoja. Faili lenyewe liko wazi, unalipakua hata leo ukaliweka kwenye seva yako.

Je Marekani inaweza kufuta mkia wa nchi kwenye faili hilo? Zamani wizara yao ya biashara ilikuwa na mkataba wa kusimamia kazi hiyo, mkataba ukaisha na tangu 1 Oktoba 2016 kazi iko kwa ICANN, shirika lisilo la kiserikali linalosimamia majina na anwani za intaneti, pasipo usimamizi huo. Jaribio la kweli lilikuja Februari 2022, siku chache tu baada ya Urusi kuvamia, Ukraine waliiandikia ICANN wakiomba .ru na mikia mingine ya Urusi ifutwe. ICANN wakakataa, wakasema kazi yao sio kuadhibu bali kuhakikisha intaneti inafanya kazi. Wapo waliokasirika sana na mimi nawaelewa, mtu anapigwa mabomu anatafuta silaha yoyote iliyo karibu, lakini naona uamuzi ule ulikuwa sahihi na nitausimamia popote. Kwanza .ru ikifutwa hakuna kebo inayokatika, anwani za IP zinabaki pale pale, watoa huduma wa Urusi wangeweka nakala yao ya faili yenye .ru ndani wakaendelea. Pili, na hili ndo kubwa, siku hiyo hiyo kila serikali duniani ingeanza kujiandalia mzizi wake kwa hofu kwamba zamu yake inakuja. Mzizi hauna polisi. Unafuatwa kwa sababu watu wamekubali kuufuata. Mwaka 1998 Jon Postel, yule mzee aliyesimamia haya mambo tangu mwanzo, aliwaandikia barua pepe waendeshaji 8 wa seva za mzizi wachukue faili kutoka kwenye seva yake badala ya ile ya mkandarasi wa serikali, na wakafanya hivyo, ikabidi serikali ya Marekani imwambie arudishe kama ilivyokuwa. Barua pepe tu ilitosha. Kwa hiyo ukiniuliza mpasuko mbaya kuliko yote ni upi nitakwambia ni huu wa majina, siku ambayo jina moja linakupeleka tovuti moja ukiwa hapa na tovuti nyingine kabisa ukivuka mpaka, hapo ndo intaneti itakuwa imekufa kweli. Haujatokea kwa upana, ila Urusi kwenye sheria yao ya 2019 wameshajiwekea mfumo wa taifa wa majina.

Wengi wakisikia habari hizi mfano wa kwanza kuwajia ni China, na hapo huwa wanashangaa nikiwaambia China haijatoka kwenye intaneti. Wanatumia anwani zile zile, BGP ile ile, mzizi ule ule. Walichofanya ni kubakiza milango michache ya kutokea, hasa Beijing, Shanghai na Guangzhou, na hapo wanachuja, majibu ya DNS ya uongo, anwani zilizofungiwa, miunganisho inayokatwa katikati likionekana jina lisilotakiwa. Facebook ilifungiwa 2009, Google wakaondoa huduma yao ya kutafuta China bara mwaka 2010. Mbona hawakati kabisa? Kwa sababu viwanda vinapokea oda kutoka nje, mabenki yanafanya malipo na nje, watafiti wanahitaji machapisho ya nje. Uwezo wanao, tulishauona Xinjiang baada ya vurugu za Julai 2009, mkoa mzima ulikaa kama miezi 10 bila intaneti ya kawaida. Ila kwa nchi nzima ni hasara, na apu za ndani pamoja na ukubwa wake wote bado hazijaiondoa.

Urusi ni kesi tofauti na mimi naifuatilia kwa karibu kwa sababu wao walianza wakiwa wameunganika hasa, watoa huduma wengi, njia nyingi za kutoka, hakuna mlango mmoja wa kufunga. 2018 walijaribu kuifungia Telegram wakafungia mamilioni ya anwani za Amazon na Google, wakaangusha huduma kibao zisizohusika, Telegram yenyewe ikaendelea, 2020 wakaachana nayo. Walichojifunza ni kwamba lazima mashine za kuchuja ziwe za serikali na zikae ndani ya mtandao wa kila mtoa huduma, na hilo ndo ile sheria ya Urusi ya intaneti inayojitegemea, iliyoanza kazi Novemba 2019, ilikuja kuliweka. Machi 2021 walizitumia kuipunguza kasi Twitter, kifaa kikaambiwa kitafute herufi t.co, ile domeini (jina la tovuti) fupi ya Twitter, na kikazitafuta kama kilivyoambiwa, kumbe microsoft.com nayo ina t.co ndani yake, reddit.com pia, zote zikazorota. Lakini mashine zilibaki na kila mwaka zinarekebishwa. Desemba 2024 walijaribu kuitenga mikoa ya Dagestan, Chechnya na Ingushetia na intaneti ya nje kwa muda. Hizo ndo hatua za mtu anayepima hasara, anabonyeza kidogo, anaangalia nani kapiga kelele, anaachia.

Na kuna mpasuko mwingine ambao mtumiaji wa kawaida hauoni, wa vyeti. Kile kialama cha kufuli kwenye brauza kinamaanisha kuna taasisi imetoa cheti kwamba tovuti hii ni yenyewe, na brauza yako ina orodha ya taasisi inazoziamini. Vikwazo vilipoanza 2022 watoa vyeti wa nje wakaacha kuhudumia mabenki ya Urusi, serikali ikaanzisha mtoa vyeti wake, Chrome na Firefox hazimwamini, brauza ya Yandex inamwamini. Kwa hiyo unaweza kuwa kwenye kebo ile ile, domeini ile ile, anwani ile ile, na benki isifunguke mpaka ubadilishe brauza. Tatizo ni kwamba mwenye mamlaka ya kutoa vyeti vinavyoaminika na simu yako anaweza kujitolea cheti cha tovuti yoyote, akakaa katikati akasoma unachoandika. Kazakhstan walijaribu hicho kitu waziwazi Julai 2019, wakawataka wananchi wasakinishe cheti cha serikali, Google, Mozilla na Apple wakakifungia ndani ya brauza zao mwezi uliofuata. Pale hasara ilikuwa bado kubwa, huwezi kuwaambia watu wote waache Chrome. Ukishakuwa na brauza yako inayotumika na wengi, unaweza.

Nisionekane nasema ni nchi hizo tu. India ilifungia apu 59 za Kichina kwa mpigo mwezi Juni 2020, TikTok ikiwemo. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data ilipoanza Mei 2018 baadhi ya magazeti ya Marekani yaliona bora kuwafungia wasomaji wa Ulaya kuliko kuifuata. Mkongo wa Pacific Light uliokuwa ujengwe kutoka Marekani mpaka Hong Kong ulizuiwa na Marekani usifike Hong Kong. Na Machi 2022 Cogent na Lumen, makampuni makubwa ya kubeba trafiki, wakajiondoa kwenye biashara ya Urusi. Hili la mwisho liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu ukimkatia mtu njia za nje unamfanyia kazi mchujaji wake, wananchi wanahamia huduma za ndani kwa lazima, na kesho serikali ikitaka kujikata yenyewe inakuta nusu ya maumivu yameshalipwa na wengine.

Kuna jambo linanisumbua kama fundi na sitaki kulipita. Sisi tunahimiza kila nchi iwe na kituo chake cha kubadilishana trafiki, nakala za video na tovuti ziwekwe karibu, seva ziwe nyumbani, maana inashusha gharama, inaongeza kasi, na mkongo wa baharini ukikatika watu hawakai gizani. Yote ni kweli na nitaendelea kuyasema. Ila vitu hivyo hivyo ndo vinavyopunguza hasara ya kujikata, Iran isingeweza ile wiki bila seva za nyumbani. Kinachotofautisha ni nani ameshika milango ya nje. Nchi yenye makampuni mengi ambayo kila moja lina njia yake ya kutoka, kwa nchi kavu na kwa bahari, ni ngumu kuizima hata ikiwa na kila kitu ndani. Nchi yenye lango moja la kampuni ya serikali, hata ikiwa na sheria nzuri kiasi gani kwenye makaratasi, kuizima ni suala la simu moja.

Sasa VPN na satelaiti. VPN inasaidia pale ambapo kuna mchujo, yaani njia ya kutoka ipo ila inakaguliwa, unafunga data zako ndani ya bahasha mkaguzi asione ulikoelekea. Njia ikikatwa kabisa VPN haina pa kupita, Iran ile wiki ya 2019 ziliishia kuzunguka tu bila kuunganika. Kibaya zaidi ni mfumo wa orodha ya vinavyoruhusiwa, ambapo kila kitu kimefungwa isipokuwa tovuti zilizoandikwa, huko hata VPN nzuri inapata taabu. Satelaiti ni hadithi nyingine kidogo, Starlink siku hizi satelaiti zao zinapasiana data kwa leza, trafiki inaweza kushukia nchi nyingine bila kugusa mkongo wa nchi yako, so kiufundi inaruka ukuta. Lakini dishi linatoa mawimbi na mawimbi yanaweza kutafutwa, leseni ni ya serikali, na kampuni inaweza kuzima huduma eneo zima ikiamua, umetoka kwenye lango la serikali umeingia kwenye lango la kampuni.

Kilichosaidia Misri 2011 kilikuwa cha kizamani. Laini za simu za mezani za kupiga nje hazikuzimwa, watoa huduma wadogo wa nje, FDN wa Ufaransa wakiwa miongoni mwao, wakafungua namba za modemu bure, mtu anapiga simu ya kimataifa mpaka Paris kompyuta yake inaunganika kwa kasi ya miaka ya tisini, inatosha barua pepe na maandishi mafupi. Kwa hiyo ndugu yangu usiweke matumaini yote kwenye apu moja, weka namba za simu za watu wako mahali pasipohitaji intaneti, na ujue angalau njia mbili za kutoka ambazo hazijashikwa na kampuni moja.